Usikivu wa Dakika ya Kwanza Hutolewa Bure

Mtu mpya anaposimama mbele ya watu, ukumbi mzima humtazama. Hata aliyekuwa ameinamia simu huinua kichwa. Hajaahidiwa kitu, anataka tu kujua huyu ni nani, ana jambo gani, na atawakalisha hapo mpaka saa ngapi. Ndiyo maana swali ambalo sisi tunaowaandaa watoa mada huulizwa kuliko yote, "Nitawatekaje wasikilizaji?", tumezoea kulijibu kwa kuligeuza. Unapofungua kinywa, usikivu unao tayari. Kazi yako ni kutoumwaga.

Na karibu kila mahali humwagwa kwa namna ile ile. Mtoa mada huwashukuru waandaaji, kisha humshukuru mshereheshaji. Husema itifaki imezingatiwa, halafu huizingatia upya jina kwa jina. Hutaja jina lake, ambalo limetajwa sekunde 10 zilizopita. Husoma kichwa cha mada ambacho kimeandikwa ukutani kwa herufi ndefu kuliko mkono wake, na mwisho huonyesha slaidi ya mambo 7 atakayoyagusia. Hapo dakika 3 zimekwenda, na hakuna hata sentensi moja ambayo msikilizaji asingeweza kuibashiri. Mtu akishaona kwamba anajua kinachofuata, huacha kukingojea. Simu iko mfukoni.

Utasikia watu wakidai kwamba binadamu wa leo hawezi kumakinika zaidi ya sekunde 8, kwamba hata samaki wa kwenye tungi la kioo anamshinda. Dai hilo lilisambaa sana mwaka 2015, na halina jaribio la kisayansi nyuma yake. Watu hao hao hukaa dakika 90 wakitazama mpira bila kupepesa macho. Dai jingine la aina hiyo ni kwamba maneno hubeba asilimia 7 tu ya ujumbe, kilichobaki ni sauti na mwili. Takwimu hizo zilitoka kwenye majaribio ya mwanasaikolojia Albert Mehrabian ya mwaka 1967, ambayo yalichunguza jinsi watu wanavyokisia hisia za msemaji pale neno linapopingana na sauti au uso wake. Hayakuhusu hotuba wala mada. Tunayataja kwa sababu moja: mtoa mada aliyeyaamini hushughulika na tai, tabasamu na mikono, na sentensi yake ya kwanza huitunga njiani kutoka kwenye kiti kwenda jukwaani.

Sentensi za kufuta

Kabla ya kutafuta cha kusema, ondoa kinachoharibu.

"Sitawapotezea muda" humkumbusha msikilizaji kwamba kuna uwezekano wa kupotezewa muda. "Mimi si mzungumzaji mzuri" humwombea huruma msemaji, na palepale humpa kila mtu kipimo cha kumhukumia. "Mnanisikia huko nyuma?" ni kazi iliyopaswa kufanywa nusu saa kabla. "Samahani, maandishi haya ni madogo kidogo" haina jibu la heshima: kama uliona ni madogo, mbona hukuyakuza? Tafsiri ya kamusi, msemo wa mtu maarufu ambaye hana uhusiano na mada, na "dunia ya leo imekuwa kijiji" tunazifuta bila kumuuliza mwenye kazi.

Inayotusumbua zaidi ni ile ya "Hamjambo? … Sijawasikia! Hamjambo?" Wengi huipenda kwa sababu mara ya pili sauti hupanda na ukumbi huonekana umeamka. Tazama nyuso badala ya kusikiliza kelele. Watu wametii, hawajavutiwa. Umewadai nguvu kabla hujawapa chochote, na umewaambia kwamba salamu yao ya kwanza haikutosha. Wakubwa waliokaa mbele huona aibu, vijana wa nyuma hucheka. Salimu mara moja, pokea jibu lililokuja hata likiwa hafifu, endelea.

Vichekesho tutavipitia haraka. Kama hukuchekesha watu mezani jana, hutawachekesha jukwaani leo ukiwa na kiwewe. Kichekesho kilichoshindwa huacha ukimya mbaya ambao lazima uufidie, na kilichofaulu mara nyingi hukumbukwa peke yake huku mada ikisahaulika.

Vipi kuhusu shukrani na itifaki? Mahali ambapo majina ya wakubwa lazima yatajwe, yataje, kwa mpangilio sahihi na bila kupamba. Kisha nyamaza sekunde 3 kamili. Sogea hatua moja ukiweza. Halafu anza mada kana kwamba hakuna kilichotangulia. Ukimya ule na hatua ile ndivyo vinavyowaambia watu kwamba desturi imekwisha na sasa jambo limeanza. Asiyeuacha ukimya huo huiunganisha sentensi yake bora na mkia wa "mabibi na mabwana", na hakuna anayeisikia. Shukrani zisizo za lazima zihamishie mwisho, ambako hata hivyo husikika kuwa za kweli zaidi.

Mwanzo huandikwa mwisho

Mtu akikaa na karatasi tupu na kujiuliza aanzeje, hupata mwanzo wa kila mtu. Andika kiini cha mada kwanza: unataka wasikilizaji wafanye au waamini nini, na kwa sababu zipi. Ukimaliza, soma rasimu kwa sauti ukiwa na kalamu. Kila unapofika mahali ambapo msikilizaji mwerevu angeuliza "kwa nini?" au "ikawaje?", tia alama pembeni. Rasimu ya dakika 20 hutoa alama tatu au nne. Moja kati ya hizo ndiyo mwanzo wako, na kwa kawaida imelala karibu na katikati, mahali ambapo mwandishi alikuwa ameshapata joto na kusahau kujionyesha.

Kuna jaribio la haraka zaidi: futa aya ya kwanza ya rasimu na usome kuanzia ya pili. Rasimu nyingi hupona papo hapo.

Chukua mfano wa mada ya nusu saa kuhusu nywila za wafanyakazi. Rasimu ya kwanza huanza: "Leo tutazungumzia umuhimu wa usalama wa taarifa katika mazingira ya kazi." Ni kweli, na hakuna wa kuipinga, ndiyo maana imekufa. Ukiisoma rasimu yote unakuta sentensi moja iliyojificha chini: mhalifu akiiba orodha ya nywila za tovuti moja, hatua yake inayofuata ni kujaribu nywila zile zile kwenye barua pepe na akaunti nyingine za watu walewale. Hapo pana alama ya kalamu. Mtoa mada anaipeleka mbele na kutaka kuuliza: "Nyosheni mikono, ni wangapi wanatumia nywila moja kwa zaidi ya akaunti moja?"

Anakaribia, lakini bado. Nani atanyosha mkono mbele ya bosi wake na mkuu wa kitengo cha kompyuta? Mikono mitatu itapanda nusu, na mtoa mada atabaki na jibu linalopinga mada yake. Swali lilelile likigeuzwa linafanya kazi: "Ifikirie nywila ya barua pepe yako ya kazini. Usiitaje, usinyoshe mkono. Jiulize tu: inafungua mlango mwingine wowote?" Ukimya wa sekunde 4. "Kama jibu ni ndiyo, basi usalama wako ni ule wa tovuti dhaifu kuliko zote ulizojiandikisha." Maneno hayo hayafiki 40, na kila mtu ukumbini ameshajijibu kimoyomoyo.

Kipimo cha mwisho cha mwanzo wowote ni hiki: ungeweza kuuhamishia kwenye mada nyingine? Kama kisa chako cha kufungua mada ya nywila kingefaa pia mada ya ukarimu kwa wateja, si mwanzo wa mada hii.

Swali, namba, kisa, kitu

Swali ndilo chombo kinachotumiwa vibaya zaidi. "Je, umewahi kujiuliza…" hujibiwa kimoyomoyo na neno "hapana", na mazungumzo yameishia hapo. Swali zuri la kufungulia hujibika ndani ya sekunde 5, halimwaibishi mtu, na jibu lake linabadilisha utakachosema. Ukitaka mikono, nyosha wako kwanza ili watu wajue unachotaka. Ngoja hadi mikono itulie. Wenye haya hunyosha wakishaona wenzao. Kisha sema ulichoona: "Kama theluthi ya ukumbi, wengi upande huu." Usiposema, watu hugundua kwamba hukuhitaji jibu, na swali lako lijalo halitapata mkono hata mmoja. Uliza moja tu. Maswali matatu mfululizo ni mtihani.

Andaa pia sentensi ya pale ambapo hakuna anayenyosha mkono, na uiandae kwa maneno kamili: "Hakuna. Basi nitawaeleza kwa nini nadhani mkono mmoja au miwili ilipaswa kupanda." Asiye nayo hubaki akitabasamu na kurudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Hans Rosling, daktari na profesa wa afya wa Sweden, alipozungumza mwaka 2006 kwenye TED, mkutano maarufu wa hotuba fupi, alianza na mtihani aliowapa wanafunzi wake wa Sweden: jozi 5 za nchi, kila jozi ina nchi moja yenye vifo vya watoto mara mbili ya mwenzake, chagua ni ipi. Wanafunzi walipata wastani wa 1.8 kati ya 5. Sokwe, akasema, wangechagua bila kujua lolote na kupata nusu. Watu walicheka, lakini angalia ufundi uliomo. Kila aliyekuwa ukumbini angeweza kujiuliza kimoyomoyo kama yeye angefanya vizuri zaidi. Kicheko kilipokuja, kilimhusu yeye pia, na takwimu zote zilizofuata zilikuwa jibu la kosa ambalo huenda naye angelifanya.

Namba iwe moja. Ya pili huifuta ya kwanza. Iweke mwishoni mwa sentensi, si katikati, na uipunguze ukubwa hadi ienee kwenye ukumbi uliomo. "Asilimia 20" haina sura. Mbele ya watu 60, mmoja kati ya watano ni watu 12, yaani safu hizi mbili za mbele. Waonyeshe kwa mkono, polepole. Desimali ziache kwenye ripoti: asilimia 34.7 ni "zaidi ya theluthi moja". Na chanzo chake kitaje kwa maneno machache, maana daima kuna mtu mmoja atakayeacha kukusikiliza mpaka ajue umeitoa wapi.

Kisa kinahitaji mtu mmoja, mahali pamoja na tatizo moja, ndani ya sekunde 60 hadi 90. Kianzie pale jambo linapotokea. Mshairi Horace wa Roma ya kale alimsifu msimulizi anayewatumbukiza wasikilizaji katikati ya mambo badala ya kuanzia kwenye asili yake, na hilo halijazeeka. "Ningependa kuanza kwa kuwasimulia kisa kimoja kilichomtokea jamaa mmoja" ni maneno 9 yasiyo na kitu. "Saa tisa usiku, muuguzi wa zamu ameshika chupa mbili zenye vifuniko vya rangi moja" ni kisa tayari, na kila mtu anataka kujua aliifungua ipi. Usiwaambie. Ingia kwenye mada ya lebo za dawa, mwisho wa kisa uweke akiba mpaka dakika za mwisho. Ukikuta unalazimika kueleza nani ni binamu wa nani ili kisa kieleweke, tafuta kingine. Na kama kisa ni cha kubuni, anza na "tuseme" au "chukulia". Anayegundua baadaye kwamba ulimtungia hatakuamini kwenye takwimu pia.

Kitu cha kushika mkononi kina kanuni zake. Kionekane kutoka safu ya mwisho, kwa hiyo kidonge, chipu au mbegu havifai mpaka viwe kwenye picha kubwa. Kifiche hadi wakati wake. Kiinue usawa wa kifua au uso, kitulie hapo sekunde 3 bila kukitikisa, ndipo useme. Kisha kiweke mahali pasipoonekana, maana kikibaki mezani macho yatabaki nacho. Usikipitishe kwa watu: kitazunguka ukumbini dakika 10, na kila kinapofika utakuwa umempoteza aliyekishika na majirani zake wawili. Bill Gates, akizungumzia malaria kwenye TED mwaka 2009, alifungua mtungi na kuachia mbu ukumbini, akisema hakuna sababu ya maskini peke yao kupata uzoefu huo. Kisha akawahakikishia kwamba hawakuwa na maambukizi. Hakufanya hivyo sekunde ya kwanza, lakini somo ni lile lile. Mbu wale walikuwa mada yenyewe. Mtu anayevunja sahani jukwaani ili kuzungumzia uongozi atakumbukwa kwa sahani.

Na kuna ufunguzi ambao watu huuona mkavu, nasi tunaupendekeza kuliko yote kwenye vikao vya kazi: anza na hitimisho. "Naomba tufunge ghala la pili kabla ya mwezi Juni. Nina sababu tatu, na nina hasara moja ambayo lazima niwaambie ukweli wake." Mkuu mwenye vikao 6 kwa siku hahitaji kisa. Anahitaji kujua anaombwa nini ili asikilize akiwa na swali hilo mkononi. Neno "hasara" ndilo linalomshika, kwa sababu hakulitarajia kutoka kwa mwombaji.

Kuna wakati umbo lenyewe la ahadi huwa ndilo kivutio. Tarehe 9 Januari 2007 mjini San Francisco, Steve Jobs wa kampuni ya Apple alisema siku hiyo alikuwa akiingojea kwa miaka miwili na nusu. Baadaye kidogo akatangaza bidhaa tatu: kifaa cha muziki chenye kioo cha kugusa, simu, na kifaa cha intaneti. Akazirudia tatu zile tena na tena hadi watu wakaanza kung'amua kwamba ni kifaa kimoja, iPhone. Angeweza kusema "tumetengeneza simu" na kumaliza. Alichofanya ni kuwaacha wasikilizaji wafike kwenye jibu nusu hatua kabla yake.

Urefu, na mahali pa jina lako

Ufunguzi usizidi sehemu moja ya kumi ya muda wako: dakika 1 kwa mada ya dakika 10, dakika 2 kwa mada ya 20. Kwa mada ya dakika 45 hesabu hiyo hulegea. Dakika 3 zinatosha kabisa. Vitabu vya Kiingereza hushauri maneno 130 hadi 150 kwa dakika, lakini usiyafuate kwa Kiswahili, ambacho kitenzi kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa. Soma rasimu yako kwa sauti ya jukwaani, pamoja na vituo, kwa dakika moja ya saa. Hesabu maneno uliyofikia. Hiyo ndiyo rula yako.

Anayedhani ufupi ni unyonge atazame Gettysburg, Marekani, tarehe 19 Novemba 1863, kwenye uzinduzi wa makaburi ya askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Edward Everett, aliyekuwa msemaji mkuu wa siku, alizungumza kwa muda wa saa mbili. Rais Abraham Lincoln alisema maneno yapatayo 270 kwa dakika kama mbili, na sentensi yake ya kwanza haikumshukuru mtu. Ilikwenda moja kwa moja miaka 87 nyuma, kwenye kuzaliwa kwa taifa na wazo la usawa wa watu, ambalo ndilo lililokuwa likipiganiwa.

Mpangilio tunaoutumia ni huu: sentensi ya kuvuta, kwa nini inamhusu aliyekaa pale, wewe ni nani hata useme hayo, na tunakwenda wapi. Jina na sifa zako zinakuja nafasi ya tatu, katika sentensi moja, kwa sababu sasa kuna mtu anayetaka kuzijua. "Kwa miaka minane kazi yangu imekuwa kusafisha mifumo baada ya kuvamiwa" inatosha. Shahada zako ni za kwenye kijitabu cha mkutano. Mshereheshaji mpelekee mapema mistari mitatu iliyochapwa, yenye jina lako jinsi linavyotamkwa. Alichokisema usikirudie.

Walimu wa balagha, yaani ufundi wa kusema, wa Roma ya kale, Cicero akiwemo, waliupa utangulizi kazi tatu: kumfanya msikilizaji akupende, akusikilize, na awe tayari kujifunza. Siku hizi watu huikazania ya pili na kuisahau ya tatu. Hapo ndipo tunapoona mada nyingi zikianguka: si sekunde ya 5, ni sekunde ya 90. Kisa kimesimuliwa vizuri, ukumbi umenyamaza, halafu msemaji anasema "Sawa, sasa turudi kwenye ajenda yetu," na unaziona bega zikilegea moja baada ya nyingine. Sentensi ya kiungo inapaswa kuandikwa kwa uangalifu ule ule wa sentensi ya kwanza. Ichukue picha ya mwanzo na iifungue kwenye mada: "Vifuniko vile vya rangi moja vilichaguliwa kwenye kikao kama hiki. Leo tunachagua vya mwaka ujao." Ajenda imesemwa bila slaidi ya ajenda.

Kabla ya kusimama

Fika dakika 30 hadi 45 mapema. Unganisha kompyuta kwa waya utakaoutumia, zima arifa zote, zuia kioo kisijifunge, chomeka chaja. Nenda ukakae kiti cha safu ya mwisho pembeni kabisa uone kinachoonekana. Pita njia kutoka kiti chako hadi jukwaani. Nyaya na ngazi zimewaangusha wengi mbele ya watu. Maji yasiwe baridi sana.

Slaidi ya kwanza iwe nyeusi au picha moja isiyo na maandishi. Macho ya watu husoma kila kilichoandikwa, watake wasitake. Kwenye PowerPoint, ukiwa katika onyesho, bonyeza herufi B na ukuta unakuwa mweusi; ibonyeze tena slaidi inarudi. Faida nyingine: projekta ikigoma, ufunguzi wako haukuwa ukiitegemea, na fundi ana dakika mbili za kuhangaika bila mtu kumtazama.

Kipaza sauti cha mkononi kishike karibu na kidevu, upana wa vidole vitatu au vinne kutoka mdomoni, na kifuate kichwa kinapogeuka. Kosa la kawaida ni kukishusha hadi kifuani kadiri sentensi inavyoendelea, mwisho wa sentensi ukamezwa, na mwisho ndipo palipo na namba. Cha kubana kwenye nguo kikae shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mkufu na kitambaa kinachosugua. Usisimame mbele ya spika; zitapiga mluzi. Jaribu sauti kwa sentensi halisi ya mada, si kwa kukipigapiga.

Sekunde 90 za mwanzo zihifadhi neno kwa neno. Zinazobaki zijue kwa hatua zake tu. Sababu ni ya kimwili: adrenalini hupanda, mdomo hukauka, pumzi hufupika, kasi huongezeka, na kumbukumbu ya kupanga maneno papo hapo hupungua wakati unapoihitaji zaidi. Wengi hutulia baada ya dakika ya kwanza au ya pili, kwa hiyo kilichohifadhiwa hukuvusha kwenye kipindi kibaya. Usihifadhi mada yote. Ukisahau neno moja katikati utakwama pale pale.

Ukifika mahali pako, simama. Miguu yote miwili ardhini. Toa pumzi yote nje kwanza, maana mwenye wasiwasi huwa ameshikilia hewa, na kuvuta nyingine juu yake humfanya asikike kama anakimbia. Chagua uso mmoja ulio theluthi ya nyuma ya ukumbi. Hesabu moja, mbili, tatu. Sentensi nzima ya kwanza mpe mtu huyo, ya pili mpe mwingine upande wa pili. Sekunde 3 hizo kwako zitakuwa kama dakika. Kwao ni mtu anayejua anachokifanya. Kama makofi bado yanapigwa, ngoja yapungue. Kama mlango unafunguliwa na watu wanaingia, ngoja wakae. Sentensi iliyosemwa juu ya kelele za viti haiwezi kusemwa tena kwa mara ya kwanza.

Ukumbi ukiwa na minong'ono, usipandishe sauti na usikaripie. Nyamaza, sogea karibu nao hatua mbili, kisha anza kwa sauti ya chini kidogo kuliko kawaida. Walio mbele watawanyamazisha wenzao kwa niaba yako.

Zamu mbaya

Baada ya chakula cha mchana, taa zote ziwe zinawaka na kitu cha kwanza kiuhusishe mwili: mikono, kugeuka na kumwambia jirani jibu kwa sekunde 30, hata kusimama. Kisa kirefu gizani saa nane mchana ni bembelezo. Ukiwa wa mwisho wa siku, sema saa kamili utakayomaliza na uitimize. Msemaji aliyekutangulia akila muda wako, punguza katikati ya mada, usikate mwanzo: mada ya dakika 20 iliyobaki na 12 ipoteze sababu moja kati ya tatu, ufunguzi ubaki ulivyo. Na uwe na wa akiba, kwa sababu ipo siku aliyekutangulia atasimulia kisa kile kile.

Mtandaoni usianze kwa kuonyesha skrini. Slaidi ikifunguka, uso wako huwa kipande kidogo pembeni. Uache uwe mkubwa kwa dakika ya kwanza. Kamera usawa wa macho, mwanga mbele yako, dirisha lisiwe nyuma. Tazama lenzi unaposema sentensi ya kwanza, si nyuso. Maswali yaombe jibu la herufi moja kwenye gumzo, A au B, na ungoje sekunde 8 hadi 10, maana sauti huchelewa na watu hutafuta kitufe. Waliochelewa huendelea kuingia kwa dakika kadhaa, kwa hiyo sentensi yako kuu iseme tena, kwa maneno mengine, karibu na dakika ya 4.

Mazoezi yafanye ukiwa umesimama, kwa sauti, na viatu utakavyovaa. Jirekodi kwa simu, kisha sikiliza bila kutazama. Masikio peke yake hushika "aaa" na "kwa hiyo" ambazo macho huzisamehe. Halafu mtafute mtu asiyeijua mada, msomee ufunguzi tu, simama hapo, umwulize anadhani kinafuata nini. Akishindwa kabisa, kiungo ni dhaifu. Akikutajia mada yote hatua kwa hatua, hujaacha cha kungojewa. Akisema "sijui hasa, lakini itahusu vile vifuniko, sivyo?" acha kuugusa, hata ukipata wazo jipya usiku wa kuamkia siku yenyewe.